Waya Mweupe Chini ya Skuta

"Mama, unaniaibisha kazini."

"Aibu haivunji mfupa. Pisha."

Binti hakupisha. Alisimama kwenye kizingiti cha duka la dawa, kofia ngumu mkononi, begi la dawa za kupelekea wagonjwa majumbani mgongoni. Kati yao, skuta ya umeme ililala chali kama kobe. Mama ndiye aliyeipindua. Chini ya ubao wake, ndani ya kipande cha nailoni, zilichungulia ncha mbili za waya mweupe uliokatwa.

"Huu ndio waya wa kuzuia kasi. Nani kaukata?"

"Fundi wetu," mwenye duka alijibu kutoka kaunta, huku akibandika lebo kwenye chupa. "Bila hivyo, dada yangu, inatambaa kama konokono. Na wagonjwa wanasubiri."

"Wagonjwa nawajua. Mwaka wa kumi na tisa huu nafunga plasta za mifupa hospitali. Wiki hii viwiko viwili vilivyovunjwa na skuta, na kijana mmoja hakumbuki hata jina la mama yake. Magurudumu yenyewe kama visahani vya chai. Kishimo cha kumeza limau kinatosha kumrusha mtu."

"Hao hawajui kuendesha. Binti yako hodari."

"Uhodari haushiki breki."

Binti akacheka bila kupenda, kisha akanuna upya. Ilikuwa wiki yake ya tatu kazini, baada ya mwaka mzima wa kuzunguka na vyeti. Mama alilijua hilo. Lakini kazi hutafutwa tena. Shingo ukiivunja, imekwenda.

Nje, lami bado ilimeta kwa mvua ya asubuhi.

"Bosi," mama alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Panda wewe. Nenda hadi pale kona, urudi kwa kasi hiyohiyo. Ukirudi mzima, nafunga mdomo, na hilo halijapata kutokea."

Mwenye duka akaitazama lami. Akaitazama skuta.

"Aa, dada, mimi nina watoto."

"Na huyu mimi nimemwokota?"

Binti alimtazama bosi wake kama mtu anayesoma tena barua aliyodhani ameielewa.

"Mama, una plasta ya kubandika kwenye mkoba?"

"Lini nimekosa?"

Binti akachukua mkasi kwenye kaunta, akachuchumaa, akamenya ncha za waya, akazisokota pamoja na kuzizungushia plasta mara nne. Akaisimamisha skuta.

"Utachelewa kila nyumba," bosi alisema.

"Nitachelewa, lakini nitafika. Ukimtaka wa haraka, panda mwenyewe."

Mama alinyoosha mkono kumfunga kamba ya kofia. Binti akausukuma kando, akajifunga mwenyewe, na kuondoka polepole kabisa. Mbele ya dimbwi la kwanza alishika breki, akalizunguka.