Marehemu Liao Apima Tena

Adhuhuri taa za ghorofa ya tatu zilizimwa, kama ilivyo desturi ya ofisi za mji wa Hsinchu, na wafanyakazi wakalaza vichwa mezani, kila mmoja na mto wake mdogo. Harufu ya supu ya mipira ya nyama ilikuwa bado hewani. Marehemu Liao Chin-fa akaingia, akavuta kiti chake cha zamani mbele ya mashine, akaanza kupima.

Alikuwa amezikwa tangu mwezi wa tatu. Peng Shu-hui, mhandisi aliyefundishwa kazi naye, alimmiminia chai, akaiweka kando ya pakiti ya kijani ya vitafunwa vya nazi. Kila mashine pale ilikuwa na pakiti kama hiyo juu yake, kama hirizi, isije ikaleta ukaidi.

"Umekonda, binti," Liao alisema.

"Na wewe je, fundi?"

"Aa, mimi ndiyo basi tena."

Kampuni ile ilitengeneza mashine za kusomea picha za ubongo hospitalini. Damu ikiganda kichwani mwa mtu, daktari huisubiri mashine imwonyeshe ilipoziba. Kwa hiyo kilichouzwa hasa ni kasi. Wanunuzi waliipima kwa jaribio moja linalojulikana dunia nzima, na mashine ilikuwa imefundishwa kulitambua. Ikiliona tu, ilikurupuka kwa nguvu ambazo kama ingezitumia kutwa ingeungua. Jaribio likiisha, ilirudi kujikokota. Liao aliipima kwa jaribio alilolitunga mwenyewe, akapata nusu ya kasi, akasema hivyo wazi. Wakubwa wakatangaza kasi nzima na kuweka jina lake chini ya tangazo. Kesho yake moyo wake ulisimama kwenye foleni ya kantini, sinia likiwa mkononi.

Tangu hapo alikuja kila adhuhuri na jaribio jipya, akitafuta ile kasi iliyobeba jina lake. Alipata nusu. Taa zilipowashwa aliondoka ameinamisha kichwa. Nyumbani mjane wake alirusha vibao viwili vya kuulizia wafu, ambavyo huanguka kwa ndiyo au hapana, mbele ya madhabahu, akauliza kama mumewe ametulia. Vibao vilikataa.

Siku moja wageni waliotaka kununua walimkuta. Walimsalimu kwa heshima, wakamuuliza kasi ya mashine, naye akawajibu. Wakaondoka bila kununua.

Meneja Chiu Kuo-tung hakukasirika. Alimwashia marehemu ubani, kisha akamwita Shu-hui.

"Maiti hadanganyi, na wateja wanalijua hilo," alisema. "Ndiyo shida yetu."

"Basi tuitengeneze mashine, bosi."

"Mpaka lini? Wenzetu watupiku sokoni huku sisi tunatengeneza? Hebu sikiliza. Mzee kila siku anatunga jaribio jipya, mashine hailijui. Sawa. Isilijue jaribio, imjue yeye. Akikaa pale si chumba chote kinapoa? Na mashine si ina vipimajoto ndani?"

Shu-hui aliutazama ubani ukiungua, na Chiu akaendelea.

"Mke wake halali, unajua. Huyu ni mwalimu wako. Unataka azurure hivi mpaka lini?"

"Na ile hospitali ya Taitung? Daktari wao anapiga simu kila siku, analalamika mashine inajikokota."

"Taitung walishanunua," Chiu alisema, akamsogezea sahani ya machungwa.

Shu-hui aliiandikia mashine maelekezo yale jioni hiyohiyo: ikihisi baridi ya mzee, ikurupuke. Alijihisi mchovu tu, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi akakuta mlango umefungwa.

Siku iliyofuata Liao alikaa, baridi ikatanda, feni za mashine zikavuma. Alitazama matokeo. Akatunga jaribio jingine papo hapo, akatazama tena.

"Shu-hui! Njoo uone! Imefika!" Aliyelala karibu nao aligeuza shingo, akaendelea kulala. "Nani kaitengeneza?"

"Mimi, fundi."

"Nilijua. Nilimwambia mke wangu, wengine sijui, lakini yule mtoto hawezi kunidanganya."

Alimshika mkono, akamshukuru. Kisha akanywa chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu afe, akarudisha kiti mahali pake na kutoka. Hakuonekana tena. Jioni vibao vya mjane vilikubali, naye akampelekea Shu-hui kapu la mapera.

Wateja walirudi waliposikia kwamba marehemu mwenyewe ameishuhudia kasi. Chiu aliliongeza hilo kwenye matangazo, na hospitali nyingine zikanunua.

Daktari wa Taitung alipiga simu wakati watu wanakunja mito yao.

"Dada, nina mama hapa, mkono wa kulia haunyanyuki tena, na mashine bado inasoma. Niambie ukweli tu. Kasi yake ndiyo hii?"

Shu-hui alihamishia simu sikio la pili.

"Mashine imepimwa, daktari. Imefaulu."

Nyuma ya daktari mtu alikuwa akilia.

"Basi labda kosa ni letu," alisema. Akaomba radhi kwa usumbufu, akakata simu.