Maji ya Mtakatifu Petka

"Usinisogezee kichwa, Radka. Tazama taa tu."

Taa yenyewe ilikuwa ya zambarau, na nilikuwa naitazama kwa jicho lililochubuliwa. Sitanii. Walikuwa wamelitia ganzi, wakazitanua kope kwa kijichuma ili nisiweze kufumba, kisha daktari akalikwangua ngozi yake ya juu polepole, mimi nikiwa macho, nikiuona mkono wake ukija na kurudi. Maumivu sikuyasikia. Hofu ndiyo niliyoisikia, na hiyo hawakuwa na ganzi yake. Kila mara muuguzi alinidondoshea dawa ya manjano, dunia nzima ikageuka manjano, na mimi nikawa najiambia moyoni: ukitikisika hapa, mwanamke, umekwisha.

"Bado kidogo," alisema Daktari Hadzhieva. Kwake yeye kila kitu kilikuwa bado kidogo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kile kioo cha mbele ya jicho, kinachotakiwa kuwa mviringo kama mgongo wa kijiko, changu kilikuwa kimelegea na kuchongoka. Madaktari wanauita ugonjwa huo keratokonasi. Mimi niliujua kivyangu: mwezi mmoja angani niliuona mitano, na mtu akinisogelea pua yake ilipandana na pua nyingine. Daktari aliponiuliza kama nina tabia ya kufikicha macho, nilicheka. Kwetu milimani, nani hafikichi macho? Tangu utotoni tulikaa uani tukitunga majani ya tumbaku kwenye uzi, na utomvu wake unawasha balaa. Bibi Kerana, mama yake baba, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa akinichapa kibao cha mkono. "Acha macho yako, we mtoto! Utayang'oa!" Nusura niyang'oe kweli.

La kushoto lilikuwa limechelewa, daktari alisema. Hilo lingesubiri kuwekewa kioo cha mtu mwingine, na foleni yake ni ndefu. La kulia ndilo la kuokoa. Ile dawa na ile taa hukikaza kioo kisiendelee kuchongoka. Hakirudi kilivyokuwa, kinabaki hapo kilipo. Mimi hapo kilipo palinitosha kabisa. Nilikuwa nashona magauni ya maharusi kiwandani, mjini Smolyan, na kwa jicho hilo moja bado niliweza kutia uzi kwenye sindano. Likienda na hilo, ningekuwa mtu wa kushikwa mkono mpaka chooni, na nilikuwa sijapata hata mchumba.

Walipomaliza, daktari alinivalisha lenzi laini juu ya kidonda, akanipa chupa za dawa, kisha akamgeukia Bibi.

"Jicho liko wazi kama goti lililochubuka, bibi. Asilifikiche. Na maji yasiingie, hata tone. Umenisikia?"

"Nimekusikia, binti yangu. Masikio yangu mazima."

Mjomba Stamen akaturudisha kijijini kwa gari lake la Moskvich, mimi nimejifunika shali usoni, naye akijitahidi kunichekesha kwa kusema nimefanana na mbuzi anayepelekwa sokoni. Ganzi ilikwisha kabla hatujafika. Mama yangu wee! Ilikuwa kama mtu amenimwagia jichoni kiganja cha mchanga wa moto, halafu anausugua. Bibi alifunga mapazia yote, akaninywesha supu ya maharagwe kwa kijiko akiipuliza kila mara. Nililia, na machozi nayo yakachoma. Hata hivyo sikuogopa sana, kwa sababu daktari alishaniambia kwamba litauma hivyo, kisha litatulia.

Kesho yake mchana nikapata usingizi. Nilizinduliwa na ubaridi. Kitu kilikuwa kinanitiririka kutoka jichoni kwenda sikioni, na vidole vya Bibi vilikuwa vimeshikilia kope zangu.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Tulia. Nimeshamaliza."

"Umenitia nini?"

"Maji ya Mtakatifu Petka. Nimeyafuata mwenyewe kwa miguu, hata kahawa sijanywa."

Chemchemi ya huyo Mtakatifu iko juu ya msitu wa misonobari, na matawi yaliyoizunguka yamejaa vitambaa vilivyofungwa na wagonjwa. Hakuna mtu kijijini kwetu ambaye hajanawishwa macho pale. Mimi mwenyewe nilinawishwa nikiwa mchanga. Lakini palepale ndipo vyura wanapotagia, na mbuzi wa kijiji kizima wanakunywa hapohapo.

"Daktari kasema maji yasiingie!" nikapiga kelele.

"Kasema maji." Alikuwa ameudhika kweli, kama mtu aliyesingiziwa. "Haya ndiyo unayaita maji? Kufulia nguo, kupikia, hayo ndiyo maji. Haya ni ya Mtakatifu, Radka. Usikufuru."

Nilipapasa shavu, nikakikuta kitu laini chenye unyevunyevu kimenata. Lenzi. Maji yalikuwa yameitoa. Nilijilaza chali, mikono nimeibana chini ya mapaja nisije nikajigusa, nikaanza kutetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Bibi alidhani nina baridi. Akaniongezea blanketi.

Maumivu hayakutulia. Yaligeuka. Yale ya kwanza yalikuwa ya juujuu, ya ngozi. Haya yalitoka ndani, yakanipanda hadi kisogoni, na jicho likaanza kutoa uchafu mzito. Bibi akasema ni ugonjwa unatoka. Akalisema hilo asubuhi, akalirudia mchana, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Hatimaye akanishika kidevu, akanigeuza dirishani, akafungua pazia. Mwanga uliniingia kama msumari. Nilikiona kichwa chake kama kivuli tu ndani ya ukungu, wala sikuweza kujua kipi ni kitambaa chake na kipi ni dirisha.

"Bibi, kuna nini?"

Baadaye ndipo nilipokuja kuambiwa kwamba jichoni kulikuwa na doa jeupe, kubwa kama chembe ya mchele. Wakati ule nilimsikia tu akifungua kabati, akitafuta koti langu. Mjomba alikuwa keshakwenda kazini, kwa hiyo tulipanda basi la Plovdiv, kwenye hospitali ileile, na njia nzima alinishika mkono bila kusema neno. Bibi Kerana, mwanamke aliyewahi kumkimbiza polisi kwa reki mpaka barabarani, amenyamaza! Hapo ndipo nilipojua kwamba naweza kupofuka, si kwa maneno ya madaktari, kweli kabisa.

"Nani kaligusa jicho hili?" aliuliza Daktari Hadzhieva.

Nilifungua mdomo niseme ni mimi, nililifikicha usingizini. Bibi akaniwahi.

"Mimi. Nimemtia maji ya Mtakatifu Petka."

Daktari alimkaripia kwa sauti iliyofika hadi kwenye korido. Umemtia wadudu wa dimbwi kwenye kidonda, bibi! Si uliniambia umenisikia? Bibi alisimama, akayapokea yote. Mwisho akauliza, "Atapona?"

"Sijui."

Niliogopa lile "sijui" kuliko makaripio yote. Nililishika shuka kwa mikono miwili.

"Basi sikiliza, binti yangu," Bibi akasema. "Mimi ninayo mawili. Ng'ombe akiwa ng'ambo ya bonde namwona, na naweza kukwambia ni wa nani. Mpe moja. Mpe yote, mimi nimeshaona vya kutosha."

"Bibi, hatuchukui kwa walio hai."

"Mnachukua kwa nani?"

"Kwa waliokufa."

Nikasikia viatu vyake vikitoka. Muuguzi akaniambia bibi yako karudi kijijini na basi la jioni, nikalia kwa hasira. Aibu imemshika, nikasema moyoni. Kaharibu, kakimbia, kaniachia giza.

Lakini asubuhi alikuwa kando ya kitanda. Nilimjua kwa harufu ya moshi wa kuni. Hakuondoka tena. Walinitia dawa kila saa, usiku na mchana, dawa kali zilizonikaba mpaka kooni, na kila nilipoamka nilinyoosha mkono nikakuta goti lake, na juu ya goti furushi laini. Nikadhani ni blanketi. Sikuuliza. Nilikuwa sina nafasi ya kuuliza, nilikuwa naogopa tu, kutwa kucha. Kila wakifungua jicho palikuwa na maziwa tu.

Kisha siku moja maziwa yakawa mepesi. Daktari akaniziba la kushoto.

"Vingapi?"

"Vidole viwili. Na una pete."

Daktari akashusha pumzi. "Doa limesinyaa. Litaacha kovu pembeni, lakini katikati ni safi. Jicho lako lipo, Radka."

Niligeuka kumtafuta Bibi. Alikuwa amekaa wima, kakonda, na furushi kalikumbatia. Fundo lilikuwa limelegea, nikaviona vilivyomo: blauzi nyeupe, soksi mpya, kitambaa cheusi, mshumaa, na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga chini. Kwetu kila mwanamke mzee anazo nguo kama hizi. Huzishona mwenyewe, huzilaza sandukuni, na hazitolewi mpaka siku ya kumvisha kumpeleka makaburini. Alikuwa amezifuata kwa basi, akarudi nazo, akakaa nazo hapo akisubiri kuambiwa kama macho yake yatahitajika.

Daktari naye alikuwa ameziona. Mama yake bila shaka anazo pia.

"Anaona?" Bibi akamuuliza.

"Anaona, bibi."

"Hili la kulia? Kwa hakika?"

"Kwa hakika."

Bibi akalitazama furushi, akaanza kulikaza fundo.

"Basi," akauliza, "nirudi nazo nyumbani?"