Bakuli Moja kwa Timu Nzima

Wewe mwenye binti mja mzito nyumbani, soma haya kabla hujakwenda kisimani. Sitakuchosha, maana mimi mwenyewe nimechoka. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na mkono wangu haukuzoea kalamu, lakini nimeona heri niandike. Kila nikianza kueleza kwa mdomo, watu huniambia, "Mshukuru Mungu." Nami humshukuru, na mazungumzo huishia hapo.

Homa ile iliingia Kinondo mwaka huu wa hamsini na saba, baada ya Idi kubwa, baridi ya kipupwe ikiwa imekaza. Ilitoka Mombasa, ikavuka Likoni pamoja na watu waliokwenda kuuza nazi, kisha ikatembea nyumba kwa nyumba. Kwetu ilianza na mimi, ikaja kwa mume wangu Boga, ikamalizia kwa mama mkwe. Nilipoweza tu kusimama, nikawa namkanda mama mkwe, napika uji, nafua mashuka yaliyolowa jasho. Ukipita njiani ulisikia kikohozi kila dirisha, hiki kikimjibu kile, kama majogoo wa alfajiri.

Sisi tulipopona ndipo alipoletwa binti yangu Mwanarusi. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza hujifungulia kwa mama. Dresa wa zahanati aliyepita mtaani alikuwa amesema wazi: homa hii haiwahurumii wajawazito, na kila mtu awe na kikombe chake. Basi nikampa Mwanarusi chumba cha ndani na kikombe chake cha bati chenye ua jekundu. Wageni niliwapokea barazani tu. Jirani yangu Biasha alinuna, akasema nimekuwa na maringo. Hata mume wa Mwanarusi, Kibwana, nilimsimamisha uani, akamsalimu mkewe kupitia dirishani. Kijana ana adabu, aliniaga vizuri. Lakini alipoondoka nilimsikia binti yangu akilia kidogo.

Sasa ujue kwamba nyumba yangu ni nyumba ya mpira. Boga ndiye mpiga ngoma wa Nyota ya Kinondo. Kibwana ndiye golikipa. Watu husema binti hakuposwa, bali Boga alimtoa zawadi siku Kibwana alipodaka penalti ya timu ya Waa. Na Mwanarusi mwenyewe, tangu mdogo, alikuwa akiujua mpira kuliko kusuka ukili.

Na timu yetu ina desturi yake. Kabla ya mechi kubwa Maalim Suleiman huandika aya kwa zafarani kwenye bakuli jeupe, akaziosha kwa maji na marashi ya waridi, na hilo ndilo kombe. Bakuli ni langu, la arusi yangu, lina ua moja dogo ukingoni. Wachezaji wote hulinywa humo, kuanzia nahodha mpaka mpiga ngoma, mdomo baada ya mdomo, ukingo ule ule. Hapana ruhusa ya kufuta ukingo, kwani wanasema ukiufuta umemfutia mwenzio baraka yake. Na linalobaki halimwagwi ovyo, maana ni maneno ya Mungu. Hunywewa, au humwagwa mahali pasipokanyagwa na mtu.

Msambweni walipokuwa waje kucheza kwetu, nilimwambia Boga, "Safari hii kila mtu anywe kwa kikombe chake."

"Mama Mwanarusi, maneno ya Mungu yawe na homa?"

"Sikusema maneno. Nimesema midomo. Chome anakohoa tangu juzi."

"Chome ndiye mfungaji wetu."

"Basi na afunge mdomo."

Alicheka, akachukua bakuli, akaenda zake.

Nilimfuata Maalim kwake. Aliniambia, "Dua haipungui kwa kugawanywa vikombe, mwanangu. Nitawaambia." Na kweli aliwaambia. Nahodha akamjibu kwa heshima kwamba Msambweni wakisikia kila mtu kanywa na chake, watasema Kinondo wamekwisha kugombana. Wote wakacheka, na bakuli likazunguka. Hayo alinieleza Maalim mwenyewe baadaye, macho chini.

Uwanja si mbali na kwetu. Msambweni walikuja kwenye lori la mbata, nikawasikia wakipiga kelele kabla hawajashuka: "Kinondo, leteni kapu, mtabebea magoli!" Na wanawake wetu wakawajibu: "Kapu tunalo, tumewawekea machozi yenu!" Mimi nilikuwa nakuna nazi. Mwanarusi alikaa dirishani, mkono tumboni. Kelele zikalipuka.

"Hiyo si yetu," akasema. "Ngoma ya baba haijalia."

Baadaye ikalia, kisha ikalia tena, safari hii bila kukoma. Mwanarusi akapiga kigelegele peke yake chumbani mpaka akashika kiuno.

Boga alirudi akitembea polepole kama mtu aliyebeba yai. Alikuwa na bakuli langu mikononi, na ndani yake, chini kabisa, kombe kidogo la manjano.

"Chome kafunga yote mawili! Kibwana kadaka hata upepo!" akasema. "Na hili nimembakizia mjukuu wangu. Atatoka golikipa mwingine."

"Hanywi."

"Unakataa baraka?"

"Nakataa mate ya Chome."

"Utalimwaga basi? Thubutu!"

"Nitalimwaga chini ya mnazi wa nyuma, nje ya njia. Dini inaruhusu, muulize Maalim. Lakini acha nisali kwanza, jua linazama."

Nikalifunika kwa kawa, nikaliweka juu ya kabati. Nikatandika msala. Nilikuwa nimechoka, na nilipokwenda kusujudu niliona raha hata ya kulaza paji la uso tu. Sikuharakisha. Nilipotoa salamu nikasikia bakuli likiwekwa mezani.

Mwanarusi alikuwa amesimama, mkono ungali juu ya bakuli. Halikuwa na kitu.

"Mayo, usikasirike," alisema. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu utotoni. "Baba ameniambia Kibwana alinywea hapa, penye hili ua. Nami nimenywea papo hapo."

Nikaliinua bakuli mezani. Mimi ndiye niliyemzuilia mumewe mlangoni, na yeye alikuwa amempata ukingoni mwa bakuli.

Homa ilimwanza kabla ya Ijumaa iliyofuata. Kibwana naye alikuwa amelala kwao, na Chome, na nahodha, na nusu ya timu. Mwanarusi aliwaka mwili mzima hata kitambaa cha maji kilikauka mkononi mwangu. Boga alikaa barazani akisoma Yasini, akimaliza anaanza tena. Uchungu ulimjia mapema, mkunga akaitwa, akaja akikohoa, nikamfunga leso mdomoni kwa mkono wangu.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alilia, nasi tukamsikia sote. Kwa kuwa alilia alipewa jina, Mwero, la babu yake wa kwa Kibwana, na alipokufa alioshwa, akakafiniwa, akasaliwa kama mtu mzima. Hakufika adhuhuri. Boga alimbeba mwenyewe, mikononi, akitembea polepole vile vile.

Mwanarusi Mungu ametuachia. Anakaa, anakula uji, nywele zinamtoka. Ngoma iko chini ya kitanda. Boga na mimi hatujasemezana sana. Nitamwambia nini asichokijua?

Jana nahodha alikuja, amekonda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Poleni tena. Nimetumwa bakuli. Tunakwenda Msambweni kwa marudiano."

Nilimtazama Boga. Alikuwa akifua nazi, na hakuinua kichwa.

"Bakuli lipo," akasema. "Litakuwa la kuoshea aya tu. Kila mtu aje na kikombe chake, amiminiwe. Mwenye kikohozi abaki kwao. La sivyo ngoma haitoki."

"Mzee Boga, watatucheka."

"Na wacheke."

Nahodha akasimama akikanyaga mchanga huku na huku. Ndipo sauti ikatoka chumba cha ndani, nyembamba: "Kibwana atadaka?"

"Atadaka, dada."

"Mwambieni apite hapa kwanza. Aingie ndani."

Nikaenda kabatini, nikalitoa bakuli, nikaliosha kwa maji ya moto na majivu, nikalisuza. Kisha nikakitoa kile kikombe cha bati chenye ua jekundu, nikakiosha nacho, nikampa nahodha vyote viwili.

"Hiki ni cha Kibwana," nikamwambia. "Asinywee kingine."

Nawe mwenzangu, ukiletewa baraka, ipokee kwa mikono miwili. Lakini uliza ni nani aliyekunywa kabla yako, na usiiweke juu ya kabati ukasema utaimwaga baadaye.