Mwaka Gurudumu Liliposimama

Serikali ilitaka kujenga bwawa kwenye shamba la marehemu Thabo, kusini mwa Johannesburg. Mjane wake, Hedwiga, hakuipinga. Alichodai mahakamani ni maji. Gurudumu la maji ambalo Thabo alilifunga mtoni aliporudi kutoka uhamishoni Tanzania lilisaga mahindi na kuwasha taa za nyumba za jirani. Ikithibitika kwamba familia ina haki ya nguvu hiyo ya maji, wangepewa shamba jingine lenye mto. Ikithibitika kwamba matumizi yaliwahi kukatika, haki imekufa.

Wakili wa serikali alikuwa mpole. Alimpa Hedwiga pole ya msiba wa miaka ya nyuma, kisha akamwuliza aliomboleza vipi.

Hedwiga alichangamka. Kwa miaka mingi mawifi zake walimsengenya kwamba mke wa kigeni hajui kumlilia mume. Leo walikuwa wamekaa nyuma yake, wakisikiliza. Akaeleza kwamba alivaa nguo nyeusi mwaka mzima, kama ukweni walivyotaka. Zaidi ya hapo, kwao Songea nyumba yenye msiba haisagi. Baada ya mazishi pale shambani alishuka mtoni mwenyewe akafunga lango la maji.

"Kwa muda gani, Mama?"

"Mpaka nilipovua nguo nyeusi. Jiwe la kusagia halikuzunguka hata mara moja. Unga tuliletewa na majirani."

Nomsa, wakili wake, aliinamisha kichwa. Alikuwa amemhoji kuhusu mafuriko, vipuri na mikanda iliyokatika. Kuhusu msiba hakuwahi kumwuliza neno. Nyuma, wifi mkubwa alikuwa akifuta machozi.

Hukumu ilikuwa fupi. Haki ya maji ilikoma mwaka ule; serikali ingelipia ardhi tupu, basi.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, mwanawe Brightness alimshika Hedwiga mkono. Kwa kawaida alimjibu kwa Kiingereza. Leo alitafuta Kiswahili.

"Mama, ungesema tu liliharibika."

"Baba yako alikuwa ndani ya udongo. Ningesagaje?"

Wifi mkubwa akawafikia, akamkumbatia Hedwiga kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akamwita mke wa kaka yake. Kisha akamwuliza, kwa kuwa hawatapewa shamba jingine, kaburi la Thabo litahamishiwa wapi kabla bwawa halijajaa.

Hedwiga alimtazama Nomsa, aliyekuwa ametoka nao. Nomsa naye akatazama barabarani.