Farasi Aliyeitwa Padri

Asubuhi ya kwanza ya msimu, farasi dume Carrigbawn aliingizwa kwenye banda la kupandishia majike. Akamtazama farasi jike aliyesimamishwa mbele yake, akamtazama Mossie Tuohy aliyeshika kamba yake, kisha akageuza shingo na kumtazama Nuala Prendergast, aliyekuwa ameegemea ukuta. Halafu akapiga mwayo.

"Kapiga mwayo," alisema Mossie. "Nuala, umeona? Nimeshika madume tangu sijaota ndevu. Nimeng'atwa, nimepigwa mateke, kuna mmoja alinibana ukutani mpaka mbavu zikalia. Lakini mwayo! Mwayo sijawahi kupigiwa."

"Amechoka na safari."

"Safari ipi? Katoka banda lile pale. Unauona mlango wake kutoka hapa."

Nuala alikuwa amemtunza farasi huyo tangu akiwa mtoto wa miaka miwili, mwembamba, mwenye miguu mirefu asiyejua pa kuiweka, kule kwenye mazizi ya mbio Kildare. Alimpiga brashi, akamfunga bendeji, akamwongoza mbele ya watu siku aliposhinda mbio kubwa za Curragh na nusu ya Ireland ikalia kwa furaha. Hata siku ambazo Carrigbawn hakushinda, Nuala alirudi na tuzo ya farasi aliyetunzwa vizuri kuliko wote, maana hakuna dume kijana aliyetembea kwa adabu namna ile. Wengine walikuja uwanjani wakipiga kelele na kusimama kwa miguu miwili. Wake alikuja kama anakwenda kupokea komunyo.

Kisha kano ya mguu wa mbele ikachanika, mbio zikaisha, na farasi akanunuliwa na matajiri waliomweka kwenye shamba la kuzalisha farasi huku Tipperary. Nuala akaacha kazi, akamfuata. Watu walimwambia ana wazimu. Yeye alijiambia kwamba wazimu ungekuwa kubaki Kildare akimpiga brashi farasi mwingine. Akapanga chumba juu ya bucha la Quirke, nguo zake zikaanza kunuka soseji, na hakujali hata kidogo. Aliyemtaka alikuwa naye.

Ila sasa huyo aliyemtaka alikuwa anamtia aibu mbele ya mji mzima.

Wiki ya kwanza walimletea jike mpole kuliko wote shambani, bibi wa rangi mbilimbili aliyekwisha kuwafundisha kazi madume wengi chipukizi. Carrigbawn akamnusa begani kwa heshima, akamtazama Nuala, akarudi nyuma. Wakamletea jike mwekundu. Wakamletea mweusi. Sonny, yule farasi mfupi ambaye kazi yake shambani ni kuwabembeleza majike mpaka wawe tayari, kisha aondolewe ili dume mwenye jina aingie, alikuwa akifanya kazi yake kwa bidii mpaka jasho linamtoka, halafu bingwa anaingia na kusimama kama mgeni aliyekosea nyumba.

Siku moja nusura waamini wamefaulu. Bingwa alinyanyua kichwa, masikio yakasimama, na Mossie, ambaye akisubiri kitu huwa anapiga mluzi bila kujijua, akaanza kupiga mluzi. Carrigbawn akasimama, akatanua miguu ya nyuma, akakojoa. Alikojoa kwa muda mrefu sana, tena kwa utulivu, na jike akageuka kumwangalia kwa mshangao.

"Acha mluzi!" Nuala akapiga kelele. "Acha mluzi wewe! Ndivyo tulivyomfundisha! Kila akishinda wanataka mkojo wake wa kupima dawa, nasi tunampigia mluzi."

"Na kashinda mara nyingi," akasema Mossie huku akitazama buti zake zilizolowa.

"Mara nyingi."

"Mungu wangu! Kuna jingine mlilomfundisha nilijue mapema?"

"Hakuna," akasema Nuala, naye aliamini anasema kweli.

Mji ukapata la kusema. Ilikuwa Kwaresima, kwa hiyo utani haukuwatoa jasho. Bwana Quirke alimuuliza Nuala, huku akimfungia nyama, kama yule farasi naye amejinyima kitu mpaka Pasaka. Kufika Jumapili jina la Carrigbawn lilikuwa limesahaulika, kila mtu anamwita Padri. Padri hajambo? Padri ameungamisha wangapi leo? Nuala alinunua nyama yake kimya, akapanda ngazi, akaikorogakoroga kwenye sufuria kwa hasira mpaka ikashika chini.

Wakampa mayai mabichi na bia nyeusi kwenye pumba, kama babu zao walivyofanya. Padri akanywa yote, akalamba ndoo, akalala. Mke wa Mossie akaleta maji ya kisima kitakatifu kwenye chupa ya soda, akamnyunyizia mgongoni huku akinong'ona sala. Daktari wa mifugo akaja, akampima kila mahali, akanawa mikono, akasema farasi ni mzima kabisa na yeye hana la zaidi.

Ndipo Fergal, msimamizi wa shamba, akaja mwenyewe uani. Fergal hakuwa mtu mbaya. Ubaya wake ni kwamba akiwa na habari mbaya huanza na hali ya hewa.

"Mvua hii," akasema.

"Sema tu, Fergal," Nuala akamwambia.

"Wenye farasi wamepiga simu. Wamechoka. Wanasema mpaka sikukuu ya Mtakatifu Patrick, tarehe kumi na saba Machi. Ikipita bila kitu, atahasiwa, apelekwe kwenye mbio za kuruka viunzi."

"Kwa mguu ule?"

"Wanasema umepona."

"Wanasema! Nani kati yao aliyewahi kuushika mguu ule? Ataruka kiunzi cha kwanza, cha pili ataanguka nacho, na mnajua farasi akivunjika mguu uwanjani hufanywa nini. Mnajua nyote!"

Fergal akatazama mvua. Mossie akatazama kamba. Nuala akawatazama wote wawili na kuona hana wa kugombana naye, jambo ambalo lilimkera zaidi kuliko ugomvi wenyewe.

Tangu hapo alizidi kuwa karibu na farasi wake. Bandani hakusimama tena ukutani, alisogea mpaka pembeni ya Mossie ili Padri akigeuza shingo amwone vizuri, apate moyo. Na kila mara aligeuza. Jike analetwa, masikio yanasimama, kifua kinajaa, kisha yale macho makubwa yanamtafuta Nuala. "Niko hapa, mwanangu," anamwambia. "Niko hapa hapa." Naye Padri anashusha pumzi, anashusha kichwa, na kazi imeishia hapo. Mossie anauma midomo yake asipige mluzi. Nuala alitamani kumshika farasi yule masikio na kumtikisa. Kushinda kote kule, mbele ya halaiki ya watu, na hili ambalo hata Sonny angelifanya amefumba macho likamshinda!

Ijumaa kabla ya sikukuu alikuwa amechuchumaa ndani ya zizi akimfunga bendeji kwenye ule mguu. Alikuwa hasemi naye. Alikuwa amemnunia tangu alfajiri, na farasi, ambaye hakujua kununiwa ni nini, alikuwa anamtafuna kofia. Nje, mtu akapita akimwongoza jike kuelekea malishoni. Nuala akausikia mwili wa farasi ukibadilika juu yake. Misuli ikakaza, shingo ikajikunja, pumzi ikaingia ndani kwa nguvu.

"Ah-ah!" akasema Nuala.

Hakuinua kichwa. Hakuacha hata kuzungusha bendeji. Ilimtoka tu, kama mtu anavyofukuza nzi. Na juu yake ile pumzi ikatoka polepole, shingo ikalegea, Padri akamwekea kidevu begani na kutulia kama mtoto mwema.

Bendeji ikamponyoka, ikabingirika mpaka kwenye majani makavu.

Kule Kildare madume na majike hutoka mazoezini pamoja, mkia kwa kichwa, kila asubuhi. Dume anayewatupia macho majike, anayelia na kujitunisha, hushindwa mbio kabla hazijaanza. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa mtunzaji anaambiwa: mnyamazishe. Na Nuala alimnyamazisha. Hakumpiga, hakuwahi kumpiga, bali kila alipoinua kichwa alisikia "Ah-ah!", asubuhi na jioni, zizini na njiani na uwanjani, mpaka ikawa hahitaji hata kuisikia. Ilitosha kumwona Nuala. Ndiye aliyemfanya awe dume mwenye adabu kuliko wote Ireland, na watu wakampa tuzo kwa hilo. Na huku, wiki hizi zote, alikuwa amesimama pale bandani akijidai anampa moyo.

Alitoka zizini akiwa na hasira za kumtosha kila mtu. Alimkuta Mossie ghalani anakula mkate.

"Ni mimi," akamwambia.

"Ni wewe nini?"

"Ndimi ninayemzuia. Ananiogopa. Hapana, haniogopi, ananitii. Akiniona hapandi. Hatapanda mpaka niondoke."

Mossie akaacha kutafuna. Hakushangaa. Nuala alimwangalia vizuri, akaona kweli hashangai, na damu ikampanda kichwani.

"Ulikuwa unajua!"

"Nilikuwa nafikiri."

"Tangu lini?"

"Kama tangu ile siku ya mluzi."

"Mossie Tuohy! Mke wako kamwagia maji matakatifu farasi wa watu, umenyamaza. Fergal kaja kusema atahasiwa, umenyamaza!"

"Ningekwambiaje sasa?" Mossie naye akapandisha sauti, mkate mkononi. "Umeacha kazi yako, umehama kwenu, unaishi juu ya Quirke unanuka soseji, yote kwa ajili ya farasi huyu. Halafu mimi nije nikwambie, Nuala, mama, shida ni wewe, hebu ondoka? Maneno gani hayo ya kumwambia mtu?"

"Kwa hiyo ungeacha akatwe ili usinivunjie heshima?"

"Ningekwambia. Nilishapanga. Jumanne."

"Jumanne ndiyo sikukuu yenyewe, mpumbavu wewe!"

"Asubuhi na mapema," akasema Mossie kwa sauti ndogo.

Nuala akaketi juu ya mzigo wa majani, akacheka bila kutaka, kisha kicheko kikageuka kilio. Mossie akamkatia kipande cha mkate. Ndicho alichokuwa nacho.

"Msimu unaisha Julai," Mossie akasema baadaye. "Ukiisha unaweza kuja kumsalimu."

"Na mwakani?"

Mossie akafagia makombo magotini.

"Nitamkumbusha yote tena," akasema Nuala. "Atanusa koti langu tu, aanze upya kuwa padri. Usinibembeleze."

Hakusubiri kesho, kwa sababu alijijua. Aliondoa vitu vyote vilivyokuwa na harufu yake: koti lililotundikwa mlangoni, brashi, chupa ya chai, blanketi lililochanika kona akalishona mwenyewe. Alimaliza kumfunga bendeji, akahakikisha haijakaza sana. Alitaka kumwambia neno, akaona neno lolote litakuwa la kumtuliza, na kutulizwa ndiko kulikomponza. Akafunga nusu ya chini ya mlango na kwenda zake. Nyuma yake farasi akagonga mbao kwa kwato, kama alivyofanya siku zote Nuala akichelewa na karoti.

Alivuka lango la shamba, akashuka na barabara mpaka kwenye ukuta wa mawe ambapo basi la Kildare husimama. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyonyesha wala kukatika. Akaweka mfuko chini. Akamlaani Fergal na mvua yake. Akamlaani Mossie na adabu zake, na wale wenye farasi, na Quirke. Kisha akamlaani farasi mwenyewe kwa kuwa msikivu kiasi kile, nani alimwambia awe msikivu kiasi kile, na akaona majibu yanarudi pale pale, kwake mwenyewe.

Basi lilikuwa bado halijaonekana aliposikia sauti kutoka juu shambani. Ilikuwa sauti nzito, inayotoka tumboni, ikapanda na kutetema juu ya paa na miti mpaka kunguru wakaruka. Akafikiri shamba limeleta dume mwingine. Alizijua sauti zote za mle, na hiyo hakuwahi kuisikia. Ndipo akamsikia Mossie akipiga kelele za furaha, na watu wakicheka, na ile sauti ikalia tena, kubwa zaidi, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Miaka yote ile, na hakuwahi kumsikia farasi wake akilia.

"Ah—" ikaanza kumtoka Nuala. Akauziba mdomo kwa mikono yote miwili, akausubiri ule mlio mpaka ukaisha.