Mizunguko Mia na Nane ya Mangalam

"Mimi tangu nizaliwe sijaogopa kitu," Mangalam aliwaambia abiria wenzake walipokuwa wakivua viatu mbele ya lango la hekalu la Tirumanjolai. Tumbili mmoja akakohoa juu ya ukuta, na kufumba na kufumbua Mangalam akawa mgongoni kwa wifi yake.

"Shuka, shujaa," Pattammal akamwambia. "Mgongo huu una miaka sitini na tano. Haukuumbwa kubeba majeshi."

Walikuja na basi la mahujaji kutoka Dindigul. Wenzao walikuwa wameshatawanyika mjini, kwenye vichochoro vya wauza bangili na vyombo vya shaba, lakini Mangalam hakuja kutembea. Binti yake Kokila alikuwa mjamzito wa miezi tisa, na mimba mbili za kabla ya hiyo hazikufika. Hii ya tatu ilipotunga, Mangalam alimwahidi Amman, mama mungu wa mji ule: ikifika mwezi wa tisa nitakuzunguka mara mia na nane, pekupeku, bila kupunguza hata mmoja. Ahadi ni nyepesi ukiitoa umekaa.

"Haya nenda kazunguke," alisema Pattammal. "Mimi nakungoja hapa nje kivulini; ukikawia nitaingia kukutazama. Magoti yangu hayajaahidiwa kwa mungu yeyote."

Chumba cha Amman kilikuwa katikati kabisa ya hekalu, na ushoroba mwembamba wa mawe ulikizunguka pande zote nne. Mzunguko wa kwanza Mangalam alikwenda kama bibi harusi. Wa tano alikwenda kama mama mkwe. Wa kumi na moja, magoti yakamwambia waziwazi kwamba yeye na ahadi yake waendelee, safari ya magoti imeishia hapo. Akajikokota hadi kwenye ukumbi wa nguzo ng'ambo ya pili, akakaa nyuma ya nguzo moja nene, kwenye jiwe lenye ubaridi mtamu. Nipumzike kidogo, aliwaza. Halafu wazo la pili likaja, nalo halikubisha hodi: nikikaa hapa mpaka karibu na saa sita, kisha nikatoka nahema, nani atajua? Akajifunika sari usoni kuwakinga nzi, akasinzia.

Saa sita mchana Amman hulala, na hekalu hufungwa hadi saa kumi. Hata mtoto mchanga wa nchi ile analijua hilo. Mangalam naye alilijua, ila aliyelala hajui kitu.

Kilichomwamsha ni kimya. Alifunua uso, akaona giza lilelile aliloliona chini ya sari. Zile nguzo, ambazo asubuhi zilikuwa nguzo tu, sasa kila moja ilikuwa na mtu wa jiwe aliyetoa meno. Juu darini kitu kikapapatika, na harufu ya popo ikamshukia kama blanketi bichi. Akapapasa hadi kwenye mlango mkuu, akagonga. Mlango ule ulikuwa na kimo cha watu watatu waliopandana mabegani, na kubisha kwake kulikuwa kwa mende. Alitaka kupiga yowe. Akajiziba mdomo kwa ncha ya sari. Mwenye nyumba amelala. Nani apige kelele chumbani kwake, tena mtu aliyekuja kumdanganya?

Mlango huu haukufungwa kwa bahati mbaya, aliwaza. Nimefungiwa. Na kama uchungu wa Kokila umeanza saa hii hii, ukaanza mama yake akiwa amejificha nyuma ya nguzo?

Akarudi kwenye ushoroba mbio, bega likikwaruza ukuta, miguu ikiteleza kwenye mafuta ya ufuta yaliyomwagika kutoka kwenye taa. Taa moja tu ilibaki hai, ndani ya chumba cha Amman, nayo ilimtazama kupitia nondo kama jicho jekundu. Kila alipopita mbele yake aliinamisha kichwa.

"Kumi na mbili," alinong'ona. "Kumi na tatu."

Kwenye ishirini na saba akasikia nyayo nyuma yake.

Akasimama. Zikasimama. Akapiga hatua mbili. Na huko nyuma, hatua mbili, laini, za miguu mitupu. Nywele zilimsimama mpaka maua aliyozisukia yakadondoka. Alitaka kugeuka, shingo ikakataa. Alitaka kukimbia, magoti yakakumbusha msimamo wao. Basi akaanguka kifudifudi kwenye mafuta, akakiri kila kitu.

"Mama, nilizunguka kumi na moja tu! Kumi na moja! Nilitaka kutoka nikihema nikudanganye wewe na wanadamu. Chukua magoti yangu, yote mawili, hayana kazi. Nitoe macho ukipenda. Kokila usimguse. Yeye hakuahidi kitu, ni mimi na mdomo wangu!"

Huko nyuma palisikika kama mtu aliyebanwa na kikohozi akakimeza.

Mangalam aliinuka kwa kushika ukuta, akaendelea. Alizunguka akilia, akazunguka akitetemeka, akazunguka mara mbili akitambaa, na muda wote nyayo zile zilimfuata, hazikaribii, haziachi. Alipofika tisini hakuwa tena na mate ya kuhesabia kwa sauti. Alipofika mia na nane alikaa chini mbele ya lile jicho jekundu, akafumba macho, akangoja kuliwa.

Badala yake komeo likalia. Saa kumi. Mwanga ukaingia ushorobani, na pamoja nao walinzi, wauza maua, wajawazito na mama zao. Mangalam akajifuta uso, akatoka akiwa amenyoosha shingo. Pattammal alitokea katikati ya umati, mikono kiunoni.

"Wifi! Ulikuwa wapi? Nimekungoja huko nje tangu saa sita, jua limenikaanga kama papadi!"

"Nilikuwa na Amman," Mangalam akajibu kwa utukufu. "Nilimaliza mia na nane kabla ya saa sita, nikaona nibaki kidogo nisali. Nani wa kuogopa giza? Mimi?"

"Kabla ya saa sita?" Pattammal akacheka mpaka akashika mbavu. "Si ulimwambia Amman mwenyewe ni kumi na moja! Ukamgawia na magoti!"

Uso wa Mangalam ukaiva hadi masikioni. Halafu, polepole, macho yake yakashuka kutoka usoni kwa wifi yake.

"Pattammal," alisema. "Hayo uliyasikia ukiwa wapi?"

Pattammal alifungua kinywa, akakifunga, akaanza kuficha mguu mmoja nyuma ya mwingine. Lakini nyayo zote mbili zilikuwa nyeusi kwa mafuta ya ufuta, mpaka vifundoni.