Wapi Hasa, Mama?

Ujumbe wa kwanza wa Muiruri uliingia Jumapili asubuhi, Umulkheir akiwa na povu hadi viwikoni, anafua mashuka ya wageni waliotoka. Wa pili ukaingia kabla hajajipangusa mikono. Wa tatu ulikuwa na neno moja tu: "Wapi?"

"Subhanallah," alisema Umulkheir. "Huyu lazima alizaliwa miezi saba."

Muiruri alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi ilikuwa inamleta Isiolo kutoka Nyeri, akague mizani za madukani na ile kubwa ya mnada wa mifugo, na kuanzia Jumanne alale siku nne katika vyumba viwili vya uani ambavyo Umulkheir huvipangisha kwa wageni kupitia simu. Alikuwa ameshalipa. Alichotaka sasa ni kujua nyumba iko wapi, na hilo ndilo jambo ambalo Umulkheir hakuwa tayari kumwambia.

"Kiwanjani," alimwandikia.

"Kiwanjani wapi?"

"Karibu na msikiti."

"Mama, mimi sitalala karibu na msikiti, nitalala kwa nyumba. Iko wapi hasa? Niko na fomu ya ofisi, inataka mahali hasa."

Hiyo "hasa" ilimkera Umulkheir kuliko yote. Lakini mtu ambaye kazi yake ni kutafuta gramu tano zilizopotea ataridhika vipi na "karibu na"? Akaandika, "Utaambiwa ukifika," akaitupa simu juu ya rundo la nguo.

Haki ya Mungu, Muiruri hakuwa na kosa. Mgeni aliyelipa ana haki ya kujua, na siku ya kufika ramani ya kwenye simu humfungulia alama inayoonyesha mlango wenyewe. Ila alama ya Umulkheir ilikuwa ya uongo. Aliihamisha miezi miwili iliyopita, kwa kidole chake mwenyewe, akaiacha kwenye mnada wa mifugo, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mgeni akifika mnadani anampigia. Umulkheir anaisikiliza ile sauti, anauliza mtu anatoka wapi na anafanya kazi gani, na roho yake ikitulia ndipo anamwelekeza. Wageni wawili walikuwa wamelalamika kwa maandishi. Mmoja alisema nyumba ni safi, mwenyewe ni mkarimu, lakini kuifikia ni kama kutafuta ngamia aliyepotea.

Sababu ya yote hayo ilikuwa Ikra.

Ikra alikuwa binti wa dada yake Umulkheir, mtu wa Kinna. Alimfikia mama yake mdogo akiwa na mkoba mmoja na mkono wa kushoto uliovunjwa na mumewe, Hamse, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyezoea kuitikiwa ndiyo. Hamse alikwenda Kinna mara mbili kumtafuta kwa mama mtu, akaambiwa hayuko. Alijua Ikra ana mama mdogo Isiolo, ila nyumba hakuwahi kuifika. Kesi ya kuvunja ndoa ilikuwa isikizwe Alhamisi kwa kadhi, na karani alikuwa amewaambia walete shahidi. Shahidi yupi sasa? Huko alikoolewa Ikra, majirani wote ni ndugu za Hamse. Kwa hiyo Umulkheir alijipa kazi moja tu: Ikra asionekane hadi Alhamisi. La shahidi alimwachia Mungu.

Majirani wa Kiwanjani aliwaambia Ikra aliteleza kisimani. Halafu akapita mlango kwa mlango akiwaonya kwamba siku hizi kuna wezi wanaojifanya wageni wa simu. Mtu msiyemjua akiuliza kwangu, hamnijui. Majirani wakaapa.

"Mama mdogo, si uwaambie tu ukweli?" Ikra alimuuliza siku hiyo.

"Nitangaze na kwa spika ya msikiti? Kuna aibu, Ikra."

Ikra akarudi uani.

Jumanne, saa saba mchana, simu ikalia.

"Mama, simu yangu inasema nimefika. Niko na mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi wote wa hii kaunti, vile naona. Mmoja anakula fomu yangu."

Umulkheir akauma mdomo asicheke. Sauti aliiona ni ya mtu mzima aliyechoka, haina hila. Akamwambia achukue boda hadi msikitini Kiwanjani, na kutoka hapo aulize tu kwa Umulkheir. Alitamka neno "aulize" kwa mazoea, kwa sababu Isiolo ndivyo watu wanavyofika mahali, na hakukumbuka alichowaapisha majirani mpaka simu ilipolia tena.

"Nimefika msikitini. Nimeuliza mzee wa duka, anasema hakujui."

"Duka lenye mlango wa kijani? Mzee Kalicha? Jana ameazima ngazi yangu!"

"Anasema hakujui. Kuna mama anauza mboga hapa, ameniambia hilo jina hajawahi kulisikia tangu atoke Meru."

"Kajuju!" Umulkheir alishika kichwa. Kajuju alikuwa amekunywa chai kwake asubuhi hiyo hiyo, vikombe viwili.

"Na mwenye boda, anaitwa Akolong, anasema ulihamia Oldonyiro mwaka jana. Anataka kunipeleka huko." Muiruri alivuta pumzi. "Mama, nimekagua mizani miaka kumi na saba. Nimedanganywa na watu wengi. Lakini mtaa mzima, hapana, hii ni mara ya kwanza."

"Mpe mzee wa duka simu niongee naye."

"Amefunga duka, ametoka na mlango wa nyuma. Nafikiri ameona hili sanduku langu la mawe ya kupimia."

Ameona, sana. Kilo ya sukari ya Mzee Kalicha haijawahi kufika kilo, na mtaa mzima unalijua hilo na kumvumilia. Umulkheir alimwambia Muiruri akae hapo hapo asisogee hata hatua, anakuja mwenyewe kumchukua. Akaanza kutafuta buibui huku akiwalaani majirani wake, simu yake na hasa akili yake mwenyewe. Uani, Ikra alikuwa anaanika mashuka kwa mkono mmoja.

Geti likagongwa.

"Salaam aleikum! Umulkheir! Fungua, nimekuletea mgeni!"

Ilikuwa sauti ya Mzee Kalicha, imejaa furaha ya mtu aliyefanya jambo la maana. Umulkheir alishukuru Mungu. Angalau mzee alikuwa ameingiwa na akili huko uchochoroni. Akalifungua geti akiwa na maneno ya kuomba radhi tayari mdomoni.

Mzee Kalicha alikuwa amemshika mkono Hamse.

"Nimemkuta barabarani anauliza," alisema mzee, anatabasamu hadi masikioni. "Na watu wetu wanamwambia eti hawakujui! Mkwe wetu huyu! Si tulienda harusi yake Kinna na lori zima? Pilau yake nimekula mimi. Nikasema hapana, aibu gani hii, nikamleta mpaka mlangoni."

Hamse alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mkononi ana pakiti ya tende. Umulkheir aliitazama ile pakiti, na miezi miwili ya werevu wake ikamporomokea pale pale. Aliwaambia majirani wamfiche kwa watu wasiowajua. Hamse walimjua.

Nyuma yake ndoo ilianguka.

"Ikra," Hamse aliita juu ya bega la Umulkheir, kwa sauti ya upole. "Vaa twende nyumbani." Na mguu wake mmoja ukawa tayari umevuka kizingiti.

Umulkheir alisimama katikati ya geti, mikono yote miwili kwenye chuma. Hakuwa mwanamke mkubwa. Mzee Kalicha alimshangaa.

"Umulkheir, unafungia mkwe mlango?"

Watu wakaanza kusogea. Kajuju alikuja na kisu chake cha kukatia sukuma. Akolong alizima pikipiki yake. Umulkheir aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowadanganya kila siku kwa miezi miwili, na aibu ikamshika. Halafu hasira ikawa kubwa kuliko aibu.

"Mzee Kalicha, Ikra hakuteleza kisimani. Huyu ndiye alimvunja mkono."

Hamse angeweza kukana, na huenda wangekuwepo wa kumwamini. Lakini alikuwa mtu aliyezoea kuitikiwa.

"Mzee, wewe ni mtu mzima, unaelewa," alimwambia Kalicha. "Ni mke wangu. Nilimrudi kidogo tu, nilimpiga na ile fimbo ya ng'ombe mara moja. Sikujua mfupa utavunjika."

Mzee Kalicha aliuachia ule mkono aliokuwa ameushika. Akajipangusa kiganja kwenye kikoi chake.

"Mimi nimekuleta hapa," alisema. "Na mtu akileta mgeni, yeye ndiye anamrudisha. Haya, mbele yangu. Twende barabarani."

"Mzee, hii si mambo yako."

"Nimekushika mkono mbele ya watu. Imekuwa yangu. Twende!"

Akolong aliwasha pikipiki akawafuata taratibu nyuma, na Kajuju hakukirudisha kisu mezani hadi shati jeupe lilipopotea kwenye kona.

Mzee Kalicha alirudi anahema. Umulkheir alifungua mdomo kumshukuru, na mzee akamkatiza.

"Miezi miwili! Wezi, wezi, wezi! Nimefukuza mtu wa kuhesabu stima, nimefukuza binamu yako wa Garba Tulla, leo nimefukuza mtu na sanduku lake. Na huyu mwenyewe nimemleta nimemshika mkono kama mtoto wangu! Ningejua vipi, Umulkheir? Niambie, ningejua vipi?"

Ikra alikuja akasimama kando yake, shuka lililolowa bado limemning'inia begani.

"Nilikuambia uwaambie, mama mdogo," alisema. Hakuwa amekasirika, na hilo lilimuuma Umulkheir zaidi. "Hiyo aibu ilikuwa ya nani?"

Wakiwa wamesimama hivyo, mwanamume mwenye kipara alitokea akiburuta sanduku zito kwenye vumbi, fomu iliyoliwa pembe ikiwa mkononi.

"Habari zenu," alisema, bila matumaini yoyote. "Natafuta kwa Umulkheir."

"Hapa!" walipiga kelele wote kwa pamoja, na Muiruri akaruka nyuma.

Jioni hiyo, kabla ya magharibi, Umulkheir alipita tena mlango kwa mlango, milango ile ile, akasema maneno mengine. Kwenye mlango wa kwanza sauti ilimtoka kwa shida. Kwenye wa saba alikuwa anaeleza kwa hasira, mikono ikiruka, na mwenye nyumba anamletea kiti. Aliporudi aliirudisha alama ya ramani mahali pake, juu ya paa lake mwenyewe.

Jumatano Muiruri alimpima Mzee Kalicha akamkuta amepungukiwa gramu hamsini kwa kila kilo, na wawili hao wakaacha kusalimiana. Kwa hiyo Umulkheir alidhani mzee ana hasira na nyumba yake yote. Alhamisi asubuhi alipofungua geti aende na Ikra kwa kadhi, alimkuta nje amevaa kanzu, bakora mkononi, duka limefungwa. Kajuju alikuwa nyuma yake, meza ya mboga ameifunika kwa gunia.

"Karani si alitaka shahidi?" mzee alisema. "Kupiga sikuona. Lakini yeye mwenyewe alisema kwa mdomo wake, nimemshika mkono. Nitasema hivyo hivyo, sitaongeza na sitapunguza."

"Usipunguze, mzee," Muiruri alisema kutoka uani, mswaki mdomoni.

Mzee Kalicha alijifanya hakusikia.

Kule kwa kadhi Hamse alikuwa ameshafika, na ndugu zake watatu. Karani aliandika majina, akaandika ya mashahidi, kisha akainua kalamu.

"Mlalamishi anaishi wapi?"

"Kiwanjani," Umulkheir alisema. "Karibu na msikiti."

"Wapi hasa, mama?"

Umulkheir alimtazama Hamse, aliyekuwa ameinua kichwa anasikiliza. Akamtazama Kalicha na bakora yake, na Kajuju, na Ikra aliyekuwa amenyooka kitini na mkono wake wenye plasta.

"Geti la bluu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi benchi la nyuma. "La pili baada ya duka la Mzee Kalicha, mkono wa kulia. Andika vizuri."

Karani akaandika.